Kibanda cha Mjomba Tom na Barabara Yetu ya Misafara



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuache kidogo desturi yetu ya kutafakari masomo ya Dominika, ili tuzungumzie kitabu. Si kitabu kitakatifu, wala hakikuandikwa na Mkatoliki. Kiliandikwa Marekani, na mama wa Kiprotestanti, zaidi ya miaka 170 iliyopita. Lakini kijana mmoja wa kidato cha sita hapa parokiani alikiazima kutoka katika kabati letu la vitabu wakati wa likizo, akakirudisha pamoja na swali: “Padre, huyu Tom alikuwa mtakatifu au alikuwa mjinga?”

Tulimjibu pale pale, jibu fupi la mtu aliyesoma seminari. Tulimwambia kwamba msalaba ni upuuzi kwa wanaopotea. Kijana aliitika kwa adabu, akaenda zake. Tulipobaki peke yetu tuliona wazi kwamba hatukuwa tumemjibu, bali tulikuwa tumemnyamazisha. Basi makala haya ni jibu tulilopaswa kumpa, na kwa kuwa jibu hilo linatuhusu sote tunaoishi kando ya barabara hii ya Mikese, tumeona tuliandike mlisome wote.

Kitabu na mwandishi wake

Kitabu hicho kinaitwa Uncle Tom's Cabin, yaani Kibanda cha Mjomba Tom. Mwandishi ni Harriet Beecher Stowe, aliyezaliwa mwaka 1811, binti wa mhubiri na mke wa mwalimu wa teolojia. Alikaa miaka mingi katika mji wa Cincinnati, kando ya mto Ohio. Ng'ambo moja ya mto ule ilikuwa nchi ya watu huru, na ng'ambo ya pili, jimbo la Kentucky, ilikuwa nchi ya watumwa. Mwaka 1849 alifiwa na mtoto wake mchanga kwa kipindupindu, na baadaye alieleza kwamba ni kwenye kaburi la mtoto huyo alikojifunza uchungu wa mama mtumwa anayenyang'anywa mwanawe. Mwaka 1850 serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyowalazimu hata watu wa majimbo huru kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Sheria hiyo ndiyo iliyomsukuma kushika kalamu. Hadithi ilianza kutoka gazetini kwa sehemu sehemu mwaka 1851, na tarehe 20 Machi 1852 ikatoka kama kitabu. Katika mwaka wa kwanza peke yake, nakala 300,000 ziliuzwa nchini Marekani.

Mtiririko wa hadithi ni rahisi kuufuata. Bwana Shelby wa Kentucky ana shamba na watumwa. Ameingia katika madeni, na hati za deni lake zimeangukia mikononi mwa mfanyabiashara ya watumwa aitwaye Haley. Ili kulipa, Shelby anakubali kuuza watu wawili: Tom, msimamizi wake mwaminifu, na Harry, mtoto mdogo wa mtumishi wa ndani aitwaye Eliza. Hapo hadithi inagawanyika njia mbili. Eliza anasikia mazungumzo mlangoni, anambeba mwanawe usiku ule ule, anakimbia, na kuvuka mto Ohio kwa kurukaruka juu ya mapande ya barafu. Tom, kwa upande wake, anakataa kukimbia, kwa sababu anajua akitoroka yeye watauzwa wengine wote. Anachukuliwa kwenda kusini.

Njiani anamwokoa majini binti mdogo, Eva, na baba yake Eva, Bwana St. Clare wa New Orleans, anamnunua. Eva anafariki kwa ugonjwa. St. Clare anaahidi kumpa Tom uhuru wake, lakini kabla hajakamilisha hati anachomwa kisu akijaribu kuamua ugomvi, naye anakufa. Mjane wake anamuuza Tom mnadani. Mnunuzi wa mwisho ni Simon Legree, mwenye shamba la pamba huko Louisiana, mtu katili asiye na hofu ya Mungu. Huko Tom anapigwa mpaka kufa. Kijana wa Shelby anafika na fedha za kumkomboa, lakini amechelewa. Anamzika, anarudi nyumbani, na kuwapa uhuru watumwa wake wote. Eliza na mumewe George wanafika Kanada, wanakuwa huru.

Dhambi ya watu wema

Wasomaji wengi humkumbuka Legree. Tukisoma kwa dhamiri iliyo macho, tutaona kwamba Legree si mtu wa kutusumbua sana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayejiona amefanana naye. Wanaopaswa kutusumbua ni Shelby na St. Clare.

Shelby ni mtu wa heshima. Hapigi watumwa wake, anawalisha, na mke wake anawafundisha dini. Anapomuuza mtoto wa Eliza hana chuki naye hata kidogo. Ana deni tu. Anasikitika, anaona haya, hata anatafuta namna ya kutokuwapo siku Tom atakapochukuliwa. Lakini anatia sahihi. Mwandishi anatuambia kwa njia hiyo kwamba mfumo mbovu hauhitaji watu wabaya wengi. Unahitaji watu wema wenye shida ya fedha, na mtu mmoja mwenye daftari anayejua lini shida hiyo itaiva.

St. Clare ni wa namna nyingine. Yeye anajua kwa akili zake zote kwamba utumwa ni dhambi, na anazungumza juu yake kwa ufasaha kuliko mtu yeyote kitabuni. Ila kila jambo jema kwake ni la kesho. Anaahidi hati ya uhuru, anaianza, haimalizi. Kuchelewa kwake kunamgharimu Tom maisha. Wapendwa, ni mara ngapi tumekiri katika kitubio dhambi za kutenda, tukasahau dhambi za kutotimiza? Katika kitabu hiki Tom anauawa na fimbo za Legree, lakini waliomfikisha kwenye fimbo hizo ni mdeni mwenye haya na msomi mwenye kuahirisha.

Tom alikataa nini?

Sasa turudi kwa swali la kijana wetu. Katika Marekani ya leo, kumwita mtu mweusi “Uncle Tom” ni tusi. Maana yake ni kibaraka, mtu anayejipendekeza kwa wanaomkandamiza. Mwaka 1949 mwandishi James Baldwin, mwenyewe mtu mweusi, alikishambulia kitabu hiki vikali. Alikiona kimejaa machozi yasiyo ya kweli na kimemnyima Tom utu wake kamili. Lawama nyingine zina haki pia. Baadhi ya watumwa, kama yule binti Topsy, wamechorwa kwa namna ya kuchekesha wasomaji weupe. Tena mwishoni mwandishi anawapeleka George na Eliza Liberia, kana kwamba Marekani haikuwa na nafasi kwa watu hao waliokwisha kupata uhuru wao.

Lakini ni haki pia kusema kwamba yule Tom anayetukanwa si yule wa kitabuni. Baada ya kitabu kupata umaarufu, vikundi vya maigizo vilizunguka nchi nzima vikimwonyesha kama kizee dhaifu, mwenye mvi, anayenyenyekea kila bwana. Tom wa kitabuni ni mwanamume mwenye kifua kipana na nguvu nyingi, ana mke aitwaye Chloe na watoto wadogo. Na kifo chake hakitokani na kutii. Kinatokana na kukataa.

Alikataa mara mbili. Mara ya kwanza Legree alimwamuru ampige viboko mwanamke mtumwa aliyechoka, akakataa. Mara ya pili, wanawake wawili, Cassy na Emmeline, walikuwa wamejificha ili watoroke. Tom alijua walipo. Legree alimwambia aseme au afe. Hakudanganya, wala hakudai kwamba hajui. Alisema anajua na hatasema. Kwa ajili ya ukimya huo aliuawa, na wanawake wale walifika salama. Je, huyo ni kibaraka? Kibaraka angalitaja maficho, akapewa usimamizi wa shamba. Tom aliwasamehe waliompiga, lakini hakuwasaidia kupiga. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya msamaha wa Kikristo na woga. Msamaha humwachia Mungu kisasi, ila haumwachii mtesaji mtu mwingine wa kumtesa.

Tuangalie jambo jingine. Mwandishi hamlaumu Eliza kwa kukimbia. Anatufanya tumshangilie kila anaporuka kutoka pande la barafu hadi jingine. Tom hakukimbia kwa sababu kukimbia kwake kungewaangamiza wengine, naye Eliza akakimbia kwa sababu kubaki kwake kungemwangamiza mtoto. Kila mmoja alipima kwa kipimo kile kile, cha upendo. Basi asitokee mtu, awe mume, mwajiri au hata padre, wa kumwambia anayeteswa kwamba dini inamtaka abaki tu avumilie. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo.

Neno “mjomba” nalo linahitaji maelezo kwetu. Wazungu wa kusini mwa Marekani walimwita mtu mweusi mzima “uncle” ili wasilazimike kumwita “Bwana”. Lilikuwa neno lenye sura ya upole na roho ya dharau. Kwetu Uluguru ni kinyume. Ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye nguzo, mwenye neno katika ardhi, mahari na maziko. Lakini tusijisifu upesi. Katika baadhi ya jamii za Afrika zinazofuata ukoo wa mama, ni mjomba huyo huyo aliyekuwa na mamlaka ya kumtoa mpwa wake awe rehani ya deni. Mamlaka ya kulinda na mamlaka ya kuuza yalikaa katika mkono mmoja.

Pamba ya Louisiana katika njia ya Mikese

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya Marekani, yanatuhusu nini? Tumtazame basi mgeni mmoja aliyepita hapa. Mwaka 1871 Henry Stanley alitoka Bagamoyo na misafara yake kwenda kumtafuta Livingstone. Alipita njia ya bara, akapita Mikese, akafika Simbamwene, ambako leo ni Morogoro, na katika kitabu chake ameliandika jina la Mikese. Alikuwa amebeba fedha gani? Shanga, nyaya, na zaidi ya yote marobota ya kitambaa. Na kitambaa kilichotajwa kwanza kabisa katika orodha za wasafiri wa wakati ule kiliitwa “merikani”.

Bibi zetu walilijua neno hilo. Merikani, au amerikani, ni kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, na jina lake linatueleza kilikotoka. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 ikaweka konseli wake Unguja. Meli za mji wa Salem zilileta kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Na pamba ya viwanda vile ililimwa wapi? Ililimwa kusini, katika mashamba ya watumwa, mashamba ya namna ile ile ya Legree.

Tafakarini mzunguko huo, ndugu zangu. Mtumwa anachuma pamba Louisiana. Pamba inakuwa kitambaa kaskazini, katika majimbo yaliyojiita huru. Kitambaa kinavuka bahari hadi Unguja, kinapanda mabegani mwa wapagazi, kinapita katika njia hii hii tunayopita kwenda shambani, na huko bara kinanunua pembe, na wakati mwingine kinanunua mtu. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipovuruga kilimo cha pamba, merikani iliadimika huku, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Vita vya huko vilihisiwa katika masoko ya huku. Tom na babu zetu hawakujuana, ila waliunganishwa na uzi mmoja, na uzi huo tunaweza kuusema bila mafumbo.

Hapa tuwe wakweli pia. Si kila aliyebeba mzigo katika barabara ya Bagamoyo alikuwa mtumwa. Wanahistoria wanatukumbusha kwamba wapagazi wengi wa njia hii ya kati, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru walioajiriwa kwa ujira, wenye ufundi na fahari ya kazi yao. Misafara mikubwa zaidi ya watumwa ilipita kusini, kutoka nchi za ziwa Nyasa hadi Kilwa. Lakini watumwa walipita hapa pia, na hata makundi ya wenyeji yaliteka watu wa jirani zao. Lawama hatuwezi kuipeleka yote ng'ambo ya bahari.

Swema, mtoto wa deni

Kutoka njia ile ya Kilwa tunaye shahidi wetu wenyewe. Mwaka 1870, huko Paris, kilitoka kitabu juu ya binti wa Kiyao aitwaye Swema. Alikuwa amesimulia maisha yake kwenye misheni yetu ya Unguja, Padre Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu akayaandika, na Monsinyori Gaume akayachapisha.

Baba yake Swema aliuawa na simba. Mama yake, mjane, alikopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Mdai akaja nyumbani, akamchukua Swema kuwa malipo, akamuuza kwa msafara. Mama hakuweza kumwacha mwanawe. Akaomba afuatane na msafara, akabeba pembe ya ndovu ili apewe chakula. Nguvu zikamwishia njiani, akaachwa nyuma afe. Swema alifika Unguja akiwa hoi kiasi kwamba alihesabiwa maiti, akafungwa katika mkeka na kuzikwa katika kaburi la kina kifupi. Mpita njia alisikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista. Alipona. Baadaye, akiwasaidia masista kuhudumia wagonjwa, aliletwa mtu mwenye majeraha, naye Swema akamtambua: ni yule mfanyabiashara wa msafara. Alipambana na moyo wake, kisha akamsamehe na kumhudumia.

Mnaona jinsi hadithi hizi mbili zinavyoitikiana? Mtoto anatolewa kwa sababu ya deni. Mama anamfuata mwanawe. Mwishoni, msamaha. Eliza alifaulu kuvuka, mama Swema hakufaulu. Nasi tuseme kama tulivyosema juu ya kitabu cha Marekani: hadithi ya Swema iliandikwa na wamisionari kwa ajili ya wasomaji wa Ufaransa, kwa shabaha ya kugusa mioyo na kuamsha ukarimu. Mwanahistoria Edward Alpers, aliyeichunguza, ameonyesha kwamba ni lazima kuisoma kwa uangalifu. Lakini jambo la deni la nafaka hakuna sababu ya kulitunga. Utumwa wa nchi zetu haukuja kila mara na bunduki usiku. Mara nyingi ulikuja mchana, na mtu tunayemfahamu, akiwa na hesabu sahihi mkononi.

Kwa upande wa ndugu zetu Waanglikana yupo James Mbotela, mzaliwa wa jamii ya watumwa waliokombolewa huko Freretown, Mombasa, aliyeandika kwa Kiswahili Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Amelaumiwa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo alifanya jambo ambalo wengi wetu bado tunaliogopa: alisema hadharani kwamba yeye ni mtoto wa waliouzwa. Katika vijiji vyetu wapo wazee wanaojua nani alitoka wapi, na hawasemi, kwa kuwa neno “mtumwa” bado ni aibu ya aliyeuzwa, badala ya kuwa aibu ya aliyeuza.

Kanisa nalo lina daftari lake

Si vema padre anyoshe kidole kwa wengine tu. Mwaka 1839 Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1838, Wajesuiti wa Maryland huko Marekani waliuza watu 272, na wengi wao walipelekwa Louisiana, kule kule alikopelekwa Tom. Sababu moja kubwa ilikuwa deni. Fedha zilisaidia kukiokoa chuo chao cha Georgetown. Wale hawakuwa akina Legree. Walikuwa mapadre waliosali vipindi, kama sisi.

Na kwetu? Tarehe 2 Februari 1852, wiki chache kabla kitabu cha Bibi Stowe hakijatoka, alifariki mjini Paris Mtumishi wa Mungu Padre Libermann, aliyewafundisha wana wake wa Shirika la Roho Mtakatifu wajifanye watumishi wa watu weusi. Wana wake walifika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868. Waliwanunua watumwa sokoni, hasa watoto, wakawapa uhuru, wakawalea, wakawafundisha kazi, wakawaoza, wakawajengea kijiji. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 kulifunga soko la Unguja, misheni ikapanda kuja bara. Mhonda ilianzishwa mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na muda mfupi baadaye Morogoro. Imani yetu ya leo katika jimbo hili ililetwa pia na miguu ya Wakristo hao waliowahi kuuzwa, wanaume kwa wanawake, waliotumwa na wamisionari kuanzisha vijiji vipya. Majina yao hatuyaimbi katika litania, ingawa wao ndio mababu wetu katika imani.

Lakini Padre Paul Kollman, aliyeichunguza historia hiyo kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameonyesha kwamba maisha ya vijiji vile hayakuwa mepesi. Kazi ya shamba ilikuwa nyingi, nidhamu ilikuwa kali, ndoa zilipangwa, na wapo waliolalamika na waliotoroka. Hatusemi hivyo ili kuwadharau wamisionari, ambao wengi wao walikufa vijana kwa homa na wamelala Bagamoyo. Tunasema kwa sababu hata anayekomboa anaweza kusahau kwamba aliyekombolewa si mali yake. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alimwomba ampokee kuwa ndugu mpendwa, zaidi ya mtumwa. Barua hiyo ni fupi kuliko zote za Paulo, na Kanisa limechukua karne nyingi kuisoma hadi mwisho.

Baraka tuliyoitoa bila kuuliza

Sasa tuseme lile lililotufanya tukose usingizi baada ya swali la kijana yule. Miaka michache iliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja alituletea binti yake tumwombee safari. Binti alikuwa na umri wa miaka 13. Alikuwa anakwenda mjini kwa mtu “atakayemsaidia”. Tulimwekea mkono kichwani, tukambariki, tukampa na rozari. Hatukuuliza anakwenda kwa nani, kufanya nini, wala kwa nini ameacha shule.

Baadaye tulikuja kujua kwamba mama alikuwa amechukua ule mkopo ambao watu wenyewe wameupa jina lake la haki: kausha damu. Alikopa kidogo kwa ajili ya matibabu, riba ikapanda kila juma, na mkopeshaji akawa anakuja kutazama kitanda na sufuria. Akatokea mtu wa kulipa, naye binti akaenda kufanya kazi za ndani. Alirudi baada ya miaka miwili, hana mshahara, hana shule, na hapendi kuangalia watu usoni.

Hakuna aliyetumia neno “kuuza”. Mama alilia, kama Shelby alivyosikitika. Sisi tulikuwa na shughuli nyingi, kama St. Clare. Na daftari la mkopeshaji lilikuwa sahihi, kama la Haley. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ilikuwapo tangu mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto tangu mwaka 2009, na sheria hiyo haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Sheria zilikuwapo, baraka zilikuwapo, lakini hakuna aliyeuliza swali moja. Tunaomba msamaha kwa Mungu na kwa binti yule, na tunauomba hadharani kwa sababu baraka ile tuliitoa hadharani.

Basi tumekubaliana na Halmashauri ya Walei mambo matatu, nasi tunawaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo iyashike. Kwanza, mtoto yeyote anapoletwa kuombewa safari, tutauliza anakokwenda, kwa nani, na shule yake itakuwaje. Asiyetaka kuulizwa atatusamehe. Pili, kila Jumuiya iwe na mfuko mdogo wa dharura, hata wa shilingi elfu moja kwa nyumba, ili mama mwenye mgonjwa asilazimike kwenda kwa mkausha damu. Tatu, aliyekwisha kuingia katika deni la namna hiyo asifiche. Aseme kwa mwenyekiti wake wa Jumuiya au kwetu. Deni lililosemwa mapema huweza kugawanywa kwa mabega mengi. Deni lililofichwa humtafuta aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Jibu kwa kijana wetu

Ewe kijana uliyetuuliza, utusamehe kwa jibu lile la kwanza. Tom hakuwa mjinga. Mjinga ni yule asiyejua bei ya anachofanya, naye Tom aliijua, akailipa mwenyewe, ili wanawake wawili wasilipe. Kama alikuwa mtakatifu, hakuwa hivyo kwa kuwa alivumilia fimbo, bali kwa kuwa hakukubali kuzishika. Lakini usiishie kumstaajabia Tom. Jiulize kwa nini ilimlazimu mtu mwema afe ili kulipa deni la mtu mwingine mwema aliyeona haya kusema kwamba amekwama.

Kitabu kinamalizika kwa kijana wa Shelby kuwaambia waliowekwa huru kwamba kila watakapokiona kibanda cha Tom wakumbuke uhuru wao umetoka wapi. Sisi hatuna kibanda. Tuna barabara. Malori na mabasi yanaipita usiku na mchana, na katika baadhi ya mabasi hayo wamo watoto wenye mfuko mmoja wa nguo, wanaokwenda kwa mtu wasiyemjua. Tukiiona barabara, tukumbuke.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, wewe uliyetekwa ungali mtoto, utuombee.

Tunawatakia juma lenye baraka. Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.